Dakika Kumi za Mama Kim

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Nimeitwa "Mama" mara 87 kabla ya saa mbili asubuhi. Nimehesabu. Kati ya hizo, 31 zilihusu soksi. Soksi moja.

Jambo kubwa ni la jana. Mama Mchungaji, Jepkosgei, alitangaza kwamba Jumapili ya Kina Mama, tarehe kumi na moja mwezi wa tano, mama mmoja atasimama ibada kuu atie wenzake moyo kwa ushuhuda wa malezi. Dakika kumi! Kipaza sauti mkononi! Aliyesimama mwaka juzi alifanywa mwenyekiti wa kina mama mwezi uliofuata. Wa mwaka jana vilevile. Mimi si mtu wa vyeo. Lakini hesabu ni hesabu.

Miaka tisa niko katika kanisa hili. Nimeshona kanzu za kwaya 42, vitambaa vya madhabahu 6, na pazia moja refu kama reli ya Kisumu. Kipaza sauti nimekishika mara moja tu. Nilikuwa nampelekea Celestine.

Celestine! Anauza viatu vya mtumba, yuko kanisani miaka minne, na tayari ana shuhuda saba. Mtungi wa gesi uliovuja bila kulipuka. Nyoka aliyelala kwenye gunia la viatu. Binti yake Valarie alipotea sokoni dakika kumi na moja. Ushuhuda wake ulichukua dakika kumi na tisa. Watu walilia. Hata mimi nililia, nikajichukia.

Shida yangu iko wazi. Nyumba yangu haina jaribu. Baba Kim ni fundi wa umeme, hanywi, hapigi, hata hajibu. Kimberly ana miaka kumi na tatu, ni wa nne kati ya wanafunzi 61, na yuko kwenye timu ya kanisa ya maswali ya Biblia. Nerima ana miaka mitano na afya ya punda. Mimi mwenyewe nilianza na cherehani ya kukodi, leo nina mbili zangu, nashona sare za shule hapa Bondeni na sijawahi kumpigia mtu magoti. Shukrani ninazo gunia zima. Lakini ni nani alishawahi kulia akisikia mambo ni mazuri?

Nimeomba: Bwana, nipe jaribu. Dogo. Lisilo na hospitali.

Jumanne, 29 Aprili

Hakuna jaribu.

Maji yalikatika saa nne. Nikafurahi. Nikakaa chini kupanga maneno. Yakarudi saa tano kasorobo. Dakika arubaini na tano za ukame haziwezi kujaza hata utangulizi.

Nilimwuliza Baba Kim kama kuna kitu kinachomsumbua moyoni, aniambie tu, mimi ni mke wake. Alifikiri sana. Akasema viazi vya jana vilikuwa na chumvi kidogo.

Jumatano, 30 Aprili

Nimelipata!

Ushirika wa kina mama ulikuwa kwa Mama Mchungaji saa tisa. Sisi tuna desturi: kabla ya maombi kila mama hutoa ombi lake. Kwa miaka tisa ombi langu limekuwa safari njema ya mama mkwe. Huwa wanaitikia amina bila kuinua kichwa.

Leo zamu yangu ilipofika, mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema nina mzigo. Sindano za kufuma zikasimama. Nikasema ni mzigo wa mtoto. Wakasogeza viti. Nikasema ni yule mkubwa, na sitaki kusema mengi. Kisha nikatazama zulia.

Sikusema uongo hata mmoja! Nilinyamaza tu kwa huzuni. Kunyamaza si dhambi, kungekuwa dhambi Baba Kim angekuwa ameshaungua.

Kina mama walikuwa 17. Kila mmoja alijaza ile nafasi niliyoacha kwa jambo analoogopa nyumbani kwake. Nililiona likipita kwenye nyuso zao, jambo moja baada ya jingine. Mama Mchungaji akanishika mkono, akasema pole Mama Kim, usiseme, Mungu anajua. Celestine akalia kabla yangu. Tabia yake. Kisha akasimama, akasema tutaanza mlolongo: siku saba za kufunga na kuomba, kwa zamu, nyumbani kwangu, na yeye ataongoza.

Mpango ni huu. Maombi yanaanza kesho, yanaisha Jumatano ijayo. Wakati huo natangaza ushindi. Jumapili nasimama. Kimberly yuko shule mpaka saa kumi na kina mama watakuja asubuhi. Hatajua kamwe.

Alhamisi, 1 Mei

Nilisahau kwamba leo ni sikukuu ya wafanyakazi.

Kimberly nyumbani. Kina mama watano mlangoni saa tatu, wamefunga vitambaa vichwani kama watu wa matanga. Nikamtuma Kimberly dukani chumvi. Akarudi. Nikamtuma kiberiti. Akarudi. Nikamtuma chumvi. Akasema, "Mathe, chumvi si nimeleta?" Nikamwambia chumvi haitoshi kamwe.

Safari ya tatu Celestine akamdaka kwenye ngazi, akamkumbatia muda mrefu akimpapasa mgongo. Mtoto akaingia jikoni macho yamemtoka.

"Mathe, kwani ni nani amekufa?"

Nikasema hakuna, ni maombi ya wanafunzi kwa jumla. Akaniangalia. Ana macho ya bibi yake mzaa baba, yale ya kukagua chenji.

Chapati nilipika 24. Wanaofunga hawali. Hubeba.

Ijumaa, 2 Mei

Siku mbaya.

Celestine alikuja na chupa ya mafuta ya upako. Akasema lazima tufunge milango yote adui anamopitia. Akapaka mlango. Akapaka dirisha. Akapaka kitanda cha Kimberly, begi lake la zamani na mswaki. Sikusema kitu. Kisha akageukia cherehani zangu. Kabla sijafika, ameshamwaga vidole viwili kwenye kila moja, mahali hasa kitambaa kinapopita, huku akikemea.

Mashati meupe 14 ya shule! Yalikuwa yanangoja vifungo tu! Mafuta yamepenya rundo zima lililokuwa hapo, yote yana doa mfukoni, mahali pa beji. Nilinusa. Ni mafuta ya kukaangia, yana harufu ya samaki. Celestine alisema hiyo alama ni ishara. Nikasema ndiyo, ni ishara ya omena.

Lakini hiyo haikuwa mbaya zaidi. Wakati nafua, Mama Mchungaji alimkalisha Nerima kwenye paja na kumwuliza kwa upole kama dada yake ana jambo. Nerima akasema ndiyo. Ati Kim hujifungia bafuni kule uani, kila siku, na kuongea peke yake.

Nilisikia zile pumzi zikivutwa nikiwa kwenye karai.

Ukweli ni kwamba Kimberly hujifungia bafuni kukariri mistari ya Biblia. Chumba chetu kina watu wanne na cherehani mbili. Bafuni ndiko kuna utulivu, mpaka jirani agonge. Lakini ningesema hivyo, jaribu lingekufa pale pale, siku ya pili. Nikaja na mikono ya sabuni. Nikatazama zulia. Kwetu hakuna zulia, nikatazama simiti.

Jumapili, 4 Mei

Ibadani nimeshikwa mkono na watu 23 ambao kawaida hunipungia tu kwa mbali. Wawili walinishika mikono yote miwili. Mzee wa kanisa mmoja ambaye hajawahi kujua jina langu aliniita dada Eucabeth, akaniambia nijikaze. Sitadanganya, ilikuwa tamu. Nilitembea polepole nikiwa nimeinamisha shingo kidogo. Nadhani inanipendeza.

Kimberly hakushikwa mkono na mtu. Aliniambia njiani kwamba msichana aliyekuwa ameketi karibu naye alihama kiti. Nikamwambia labda ni jua. Akasema ndani ya kanisa? Nikamwambia jua huingia.

Baba Kim naye ameanza kupokea pole huko nje. Aliniuliza tunaombolezea nini. Nikamwambia ni mambo ya kina mama. Akasema, "Mm." Hiyo ni nusu ya maneno yake ya wiki.

Jumatano, 7 Mei

Nimeibiwa!

Leo mlolongo umeisha. Nilivaa ile blauzi yangu ya samawati, nikaenda ushirika nimejiandaa kutangaza ushindi. Nilikuwa nimeyaandika maneno na kuyapima kwa saa ya simu: dakika tisa na sekunde hamsini. Sekunde kumi za kupanguza macho.

Mama Mchungaji akanizuia kwa upole. Akasema mambo kama haya hayaishi kwa siku saba, tusimharakishe Mungu, na si vizuri kumweka mama aliyejeruhiwa mbele ya watu kabla hajapona. Kwa hiyo Jumapili atasimama Celestine. Mada yake: kusimama na mama mwenzako wakati wa jaribu.

Jaribu LANGU! Nimelitafuta mwenyewe, nimelipikia chapati 118, nimepoteza mashati 14, na linakwenda kwa mtu ambaye tayari ana saba!

Ah, na jambo jingine. Mwalimu Peterson, wa vijana, ameona Kimberly apumzike kwenye timu ya Biblia apate nafasi ya kupona. Mashindano ni Njoro, Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Valarie binti ya Celestine alikuwa wa akiba, sasa ataingia.

Hapo nikasema kwa sauti kwamba Kimberly hana shida yoyote. Kina mama wakaangaliana. Mama Mchungaji akanipapasa. Akasema, "Mama ni mama. Lazima umfunike mtoto wako." Nikasema simfuniki. Mmoja nyuma akanong'ona, "Woi, ona anavyoumia."

Alhamisi, 8 Mei

Kimberly amerudi saa kumi na moja. Peterson alikuwa amepita shuleni kumwambia.

Hakulia. Afadhali angelia. Alivua sweta, akaitundika kwenye msumari, akainyoosha mikono yake yote miwili. Kisha akaniuliza, "Mathe, mbona umenichomea jina kwa watu?"

Nikasema mimi sikusema chochote. Naapa, sikusema chochote.

Akasema watu wanadhani anaongea na pepo bafuni. Wengine wanasema si pepo, ni mwanaume kwa simu. Yeye hata simu hana. Amekariri vitabu vitatu vizima tangu Januari, mlango ukigongwa, miguu ndani ya maji. Akasema, "Ulikuwa unajua ni mistari. Si ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Akasema basi. Akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa, na hilo ndilo lililonitisha.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeitwa "Mama" mara 52 leo. Zote za Nerima.

Nimefunika cherehani mapema nikaanza kurekebisha mambo. Kwanza kwa Peterson. Nilimpelekea ripoti ya shule ya Kimberly, nikamwonyesha: wa nne kati ya 61, nidhamu nzuri sana. Akasema wenye akili ndio huanguka kwa kishindo. Nikamwambia hakuna aliyeanguka, mimi ndiye nilitengeneza jambo lote. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema kwenye mafunzo waliambiwa kwamba kukana ni hatua ya kwanza, na mzazi kujilaumu ni ya pili. Nimepitia hatua mbili kwa dakika nne. Kijana ana miaka 24, ndevu saba.

Kisha nikaenda kwa Celestine, pale anapotandika viatu vyake. Nilikwenda kupigana, nisijidanganye. Nilikuwa na maneno tayari kuhusu mafuta ya samaki.

Akaniona, akanisogezea kile kiti chake kimoja, yeye akakaa kwenye gunia. Nikaona sketi yake imefungwa kwa pini kubwa kiunoni. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni ule mfungo. Wengine walikuwa wakifunga mpaka saa sita. Yeye alifunga siku zote saba, mpaka jioni, chai ya rangi tu. Amepungua kilo tatu. Akanionyesha karatasi anayoweka ndani ya kiatu cha kwanza anapotandika asubuhi. Imeandikwa majina mawili: Valarie, Kimberly. Ati hawezi kumwombea wake amwache wangu.

Akasema, "Mama Kim, wewe ni hodari. Mimi ya kwangu huwa nasema yote mbele za watu kwa sababu nikikaa nayo peke yangu naogopa. Wewe hunyamaza."

Nilirudi nyumbani bila kupigana. Amefunga siku saba kwa ajili ya mtoto asiye na shida. Kilo tatu. Mimi nimeongeza moja, kwa zile chapati zilizobaki.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya kufua. Bomba la uani lilikuwa letu kuanzia saa tatu.

Kimberly alikuwa amejifungia bafuni. Nikamsikia kupitia mlango wa mabati. Amekatazwa kwenda Njoro na bado anakariri! Alikuwa kwenye ule mstari wa Isaya, ambapo Mungu anasema atawafariji watu wake vile mama humfariji mtoto. Aliusema, akakosea, akaanza upya. Aliusema mara sita. Mara ya sita sauti ikamkatikia hapo kwenye mama, na hakuendelea.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikataka kuomba. Kwa kawaida maombi yangu huwa na orodha: namba moja, namba mbili, na tarehe ninayotaka jibu. Leo orodha haikuja. Nikasema, "Bwana, nisaidie." Maneno mawili. Nikangoja. Hakuna kilichotokea, ila povu lilikuwa linakauka mikononi.

Nilipofika kwenye shuka kubwa, nikakumbuka kwamba shuka haikamuliki na mtu mmoja. Nimejaribu maisha yangu yote, maji hubaki katikati. Nikashika ncha yangu. Mlango wa bafu ukafunguka. Kimberly hakuniangalia. Alikuja akashika ncha ile nyingine, akazungusha kulia, mimi kushoto, kama tulivyofanya kila Jumamosi tangu akiwa na miaka sita. Maji yakatutiririkia mpaka miguuni.

Mimi ni mtu wa vitu vinavyopimika. Sijui kupima kile kilichonipata hapo. Nilikuwa nimeomba jaribu ili nipate neno la kuwaambia watu, na neno lilikuwa limeshika ncha ya shuka yangu miaka saba.

Nikamwambia nitasema ukweli. Akauliza wapi. Nikasema kwa Mama Mchungaji, faraghani. Akaendelea kuzungusha. Nikasema sawa, kwa kina mama wote. Akaendelea. Shuka ilikuwa karibu kupasuka. Nikasema sawa, kanisani.

"Kwa kipaza sauti?"

"Kwa kipaza sauti."

"Na useme sina pepo."

"Nitasema."

"Na ukimaliza usiwahi kutaja jina langu tena mbele ya watu. Kamwe, Mama."

Nikaahidi. Halafu nikagundua ameniita Mama.

Jumapili, 11 Mei

Imeisha.

Kanisa limejaa. Wageni mpaka wa Ndabibi, wamekuja na mabeseni ya kabichi za shukrani. Celestine akasimama, sketi na pini yake. Akaanza vizuri, lazima nikubali. Dakika ya nne watu wanatoa vitambaa. Dakika ya sita akasema kuna mama mmoja hapa, hatutataja jina, na watu 300 wakanigeukia.

Nikasimama. Kimberly alikuwa safu ya nne, peke yake, viti viwili vitupu kila upande. Nikatembea mpaka mbele nikanyoosha mkono. Celestine akanipa kipaza sauti akidhani nimezidiwa na machozi.

Nikasema naitwa Eucabeth, Mama Kim. Nikasema mtoto wangu Kimberly hana pepo, hana mwanaume, hana simu. Bafuni hukariri Biblia kwa sababu chumba nimekijaza cherehani. Nikasema jaribu la nyumba yangu ni mimi. Nilitamani dakika kumi, sikuwa na la kusema, nikaazima aibu nikamvika mtoto. Mkaniombea siku saba. Celestine akafunga na njaa kwa jambo ambalo halikuwepo. Na nilijua kuanzia siku ya kwanza.

Feni ya Mchungaji Kibii ilisikika.

Kisha Nerima, juu ya paja la baba yake, akapaza sauti: "Na Mama alikuwa anatuma Kim chumvi kila saa!"

Mtu akacheka nyuma. Mama Mchungaji akajaribu kukaza uso, akashindwa. Celestine hakucheka. Alikuwa amesimama pale kando yangu akinitazama, nikafikiri atanipiga mbele ya madhabahu, na ningemwelewa. Akachukua kipaza sauti. Akasema, "Mama Kim, nirudishie siku zangu saba." Kanisa likaanguka kwa kicheko. Kisha akasema, taratibu, kwamba chakula hakirudi nyuma, lakini maombi hayaharibiki. Yalikuwa na jina la Kimberly, na Kimberly yuko pale, basi yamefika.

Ameninyang'anya hata mwisho wangu. Lakini ulikuwa mzuri. Nililia, na safari hii sikujichukia.

Baada ya ibada Mwalimu Peterson alimwendea Kimberly, ndevu zote saba zimelala. Alimwomba msamaha. Kimberly akamwambia amwulize maswali hapo hapo. Akamwuliza matano. Akajibu matano, na la tano akamrekebisha mwalimu. Valarie akapiga makofi kuliko wote. Ati alikuwa hajalala tangu Jumatano kwa hofu ya kwenda Njoro.

Nyumbani Baba Kim alisema sentensi nzima. Alisema, "Ungeniuliza, mimi ningesema ukweli mapema." Nimeinakili hapa kwa sababu sijui ijayo itakuja lini.

Jumanne, 13 Mei

Mchana Mama Mchungaji alinipigia. Ati habari za Jumapili zimefika Njoro. Ushirika wa kina mama wa kule una mkutano mwezi wa sita, wanataka niende niwatie moyo. Mada: ukweli katika malezi. Wanasema hawajawahi kusikia mama akikiri hivyo, mama wawili wamesema watarudi kanisani kwa sababu yangu.

Mimi! Dakika ISHIRINI!

Nilishukuru kwa unyenyekevu. Nimejifunza unyenyekevu. Nilimwuliza tu kama watakuwa watu wangapi. Mia nne. Celestine hajawahi kupita mia tatu.

Kuna tatizo dogo la kihesabu. Maungamo yangu yote ya Jumapili yalichukua dakika nne na nusu. Zinabaki kumi na tano na nusu. Huwezi kusimama mbele ya kina mama 400 ukawasimulia shuka.

Nimekaa kwenye cherehani nikayapitia maneno ya ile ahadi, moja moja, maana ahadi ni ahadi na mimi ni mtu wa neno langu. Kimberly alisema nisitaje jina lake. Lake. Sitalitaja. Hilo limefungwa kabisa na nitakufa nalo.

Nerima hakutajwa mahali popote.

Na jambo la ajabu, leo amekohoa. Mara mbili. Nimeandika saa.